Mpima Bia Asiyekunywa

Shemeji yangu tulimwita Pua, na jina lenyewe alilistahili mara mbili. Kwanza alikuwa nayo kubwa kweli, pili ndiyo iliyokuwa inamlisha. Alikuwa mtunza stoo wa duka la vyakula vya nje, lile lenye mlango wa kioo ambako wageni wanaofanya kazi ugenini huja kutafuta vya kwao. Jibini inayonuka soksi, samaki wa kopo, soseji ngumu za kuning'inia, mkate mweusi unaoweza kumng'oa mtu jino, na bia. Bia hasa. Mgeni atavumilia joto, mbu na majirani, lakini mkoseshe bia ya kwao miezi mitatu uone anavyonyong'onyea.

Pua alikaa kwenye stoo ile miaka ishirini na miwili, na tone la bia halikuwahi kugusa ulimi wake. Msicheke. Alipima kwa jicho, kwa sikio na kwa pua. Kifuniko kikitoka na mlio mfupi mkavu, aliitikia kwa kichwa, nzuri hiyo. Kikitoka kivivu, aliisogeza pembeni. Wageni walimwamini kuliko lebo. Walikuja mpaka mlango wa stoo, watu wazima wenye vyeo vyao, wakamwuliza, "Pua, wiki hii ninywe ipi?" Naye anawajibu kwa madaha utadhani ndiye aliyeipika.

Sababu ya kutokunywa ni dada yangu. Baba yetu alikuwa mlevi, na si mlevi wa kuimba njiani akachekwa na watoto. Alikuwa mlevi wa mkanda. Akiingia tu, dada ananisukuma mimi chini ya kitanda, kisha anabaki yeye mbele ya mkanda. Ana kovu nyuma ya sikio mpaka leo. Pua alipokuja kumposa, dada hakumwuliza habari ya mahari wala nyumba. Alimwambia, "Siku nitakayonusa pombe kinywani mwako, siku hiyo utalala nje, na usirudi." Pua akasema sawa. Basi kila jioni akifika mlangoni, kabla ya salamu, kabla ya kuvua viatu, dada humwambia, "Nipumulie." Pua anainama, anapumua, dada anasema, "Karibu, mume wangu." Nguo zake zilinuka bia siku zote, hilo dada alilisamehe. Sheria ilikuwa ya kinywa. Walizaa watoto watatu kwa sheria hiyo na walikuwa wanacheka, nasema kweli, nyumba ile ilikuwa na kicheko.

Mimi aliniingiza dukani Pua mwenyewe. Nimesoma, vyeti ninavyo, kile kizungu cha kwenye makopo nakisoma bila kugugumia. Yeye hakukijua hata neno. Lakini miaka saba nimebeba maboksi chini yake, na funguo za stoo ziko kiunoni kwake zinalia cheng cheng kila anapogeuka. Mtu unaweza kuchoka mlio, jamani.

Sasa sikilizeni utaratibu wa stoo ile, maana humo ndimo alimokwama. Tajiri, mwenye duka, aliwahi kumwuzia mteja bia iliyooza, mteja akaugua, kelele zikawa kelele. Tangu siku hiyo akaweka amri: kila chupa iinuliwe mbele ya balbu kabla ya kwenda rafuni. Ikionekana na machicha chini, imwagwe palepale mtaroni, isingoje mtu. Isingoje kwa sababu zamani zilizokuwa zinangoja zilikuwa zinapitia mlango wa nyuma, nanyi mnajua watu. Pua aliishika amri ile kama msahafu. Lakini mwezi mmoja kabla ya hayo ninayosimulia, shehena ya jibini ilimharibikia kwa sababu ya jokofu bovu, na Tajiri akamwambia mbele yetu sote, "Umezeeka, Pua. Hasara moja tena, hizo funguo namkabidhi shemeji yako. Yeye angalau anasoma."

Pua alicheka siku ile, lakini kuanzia hapo alikuwa anashikashika kiuno chake kila mara, kuhakikisha funguo zipo.

Kulikuwa na mteja mmoja, Mhandisi wa daraja. Miaka minne hajarudi kwao. Alikuwa akiingia dukani ananusa makaratasi ya soseji kisha anayarudisha, hanunui. Alikuwa anaitafuta bia moja tu, bia ya mji wake, inayopikwa na familia moja kwenye jengo lililo nyuma ya nyumba ya mama yake. "Pua," alikuwa anasema, "nikiinywa hiyo naona jiko la mama yangu." Pua alimhurumia. Akamsumbua Tajiri, akamsumbua wakala wa bandarini, miezi minane mizima, mpaka kreti thelathini zikaja. Mhandisi alikuwa anatimiza miaka hamsini Jumamosi ile, na wageni wote wa mji walikuwa wamealikwa kwake.

Zilifika Ijumaa asubuhi. Na Jumatano, siku mbili nyuma, Pua alikuwa amenikosea. Niliweka chokoleti rafu moja na sabuni. Akaziondoa mbele ya wateja huku anasema, "Huyu shemeji yangu amesoma mpaka pua imeziba." Wateja walicheka. Mama mmoja mwenye mbwa alicheka mpaka akafuta machozi. Pua hakuwa na nia mbaya, nalijua hilo, ndivyo alivyokuwa anatania. Lakini liliniingia na halikutoka.

Tukafungua kreti ya kwanza. Juu ya chupa kulikuwa na karatasi iliyokunjwa. Pua akanipa. "Soma, shemeji. Wanasemaje?"

Nikasoma. Ilisema bia hii haichujwi. Ilisema hamira hukaa chini ya chupa, kwamba huo ndio ubora wake, kwamba chupa igeuzwe taratibu kabla ya kumimina ili machicha yachanganyike. Nikaisoma mara mbili, sikuwa na haraka. Yeye alikuwa amekwisha kunyanyua chupa ya kwanza na anaitafuta balbu.

"Wanashukuru kwa kununua," nikasema. "Basi."

Karatasi nikaitia mfukoni.

Pua aliiinua chupa, nikaona uso wake unavyobadilika. Chini kulikuwa na machicha manene, ya rangi ya udongo. Akachukua ya pili. Ya tatu. Akafungua kreti ya kumi, ya ishirini. Akazibua moja, akasikiliza mlio, ulikuwa mzuri. Akanusa, akanusa tena, akaniambia, "Shemeji, pua inasema nzuri, jicho linasema mbovu."

"Amri ya Tajiri ni ya jicho," nikamjibu.

"Nimpigie simu?"

"Mpigie umwambie umeleta hasara nyingine. Yeye atakwambia umwage, halafu atakukumbusha habari ya funguo. Mwaga, tuseme zilivunjika njiani."

Alikaa juu ya kreti kidogo, mikono magotini. Kisha akainuka. Alimwaga mwenyewe, chupa baada ya chupa, kuanzia saa tatu mpaka saa saba mchana. Alikataa nimsaidie. Harufu ilijaa uani, harufu ya mkate mpya, na nzi wakaja. Mara mbili alisimama akasema, "Maskini Mhandisi wa watu, nitamwambia nini?" Nami nikamwambia ataelewa. Chupa moja niliiweka nyuma ya maboksi ya unga. Msiniulize kwa nini.

Mhandisi alikuja saa tisa na gari la kubebea mzigo, anapiga mluzi. Tajiri alikuwa naye, anajisifu njia nzima. Walipoona chupa tupu zimepangwa uani kichwa chini, mluzi ukakatika. Pua akauacha ule uongo wa kuvunjika njiani, akaanza kueleza habari ya machicha, ya afya ya watu, ya amri. Mhandisi alimsikiliza mpaka mwisho. Akaenda mtaroni, akachuchumaa, akachovya kidole, akakilamba. Mtu wa miaka hamsini kasoro siku moja, amechuchumaa kwenye mtaro analamba kidole.

"Hivyo ndivyo ilivyo," alisema polepole. "Ile hamira ndiyo bia yenyewe. Kwenye kreti ya kwanza huwa wanaweka karatasi. Siku zote wanaweka karatasi."

Pua akageuka kunitazama. Sikukwepesha macho, kwa sababu hata kukwepesha kungekuwa jibu. Alielewa. Nilimwona akielewa, na nikamsubiri aseme. Angesema neno moja tu nami ningekuwa nje siku ile ile. Hakusema. Mimi ni ndugu pekee wa mkewe, na alijua ni nani aliyekuwa chini ya kitanda wakati dada anapigwa.

"Hakukuwa na karatasi," Pua alimwambia Mhandisi.

Tajiri alikuwa mwekundu wa macho. "Umemwaga kreti thelathini bila kuonja?"

"Mimi sionji, bosi. Unajua."

"Haijabaki hata moja?"

Nikaenda nyuma ya maboksi ya unga nikaileta. Nilikuwa nimeanza, nikaona nimalize.

Tajiri aliizibua kwa meno ya funguo za gari lake, akaigeuza taratibu kama Mhandisi alivyomwelekeza, akajaza glasi mpaka juu. "Pua, leo utaonja. Utamwambia huyu bwana mbele yetu umemwaga nini. Ukinywa yote, funguo zinabaki kiunoni kwako, naapa. Ukikataa, zivue sasa hivi."

Mhandisi akasema hapana, muache mzee wa watu, bia imekwisha imekwisha. Tajiri hakumsikia. Wafanyakazi wote walikuwa wametoka, mpaka msichana wa kaunta na mlinzi. Kuna aliyesema, "Kunywa, Pua, bia moja haiui," na watu wakacheka. Pua alishika glasi kwa mikono miwili. Kwanza aliinusa, mazoea hayo. Kisha akanywa. Alikunywa kama dawa, akafumba macho, koo linapanda na kushuka, na povu likabaki kwenye sharubu zake zenye mvi. Alipomaliza macho yalikuwa yamejaa maji.

"Ehe?" akasema Tajiri.

"Ni nzuri," akasema Pua. "Ni nzuri sana."

"Umemsikia? Nzuri sana! Sasa mtu aliyemwaga bia nzuri sana kreti thelathini namweka dukani wa nini? Lete funguo."

"Uliapa, bosi."

"Niliapa. Na wewe uliapa hunywi."

Uani palicheka tena, ila Mhandisi hakucheka; aliondoka na gari lake tupu bila kuaga. Pua alihangaika na mkanda mpaka funguo zikatoka. Tajiri hakuzipokea. Alininyooshea kidole mimi, na Pua akaniwekea mkononi mwenyewe, zikiwa na joto la mwili wake.

Tulitembea pamoja mpaka kwake. Sijui kwa nini nilimfuata, labda nilitaka kuona. Njiani alinunua karafuu akatafuna, akasukutua kwa maji ya bomba, akajipumulia kiganjani, akanusa. Pua ile ile iliyomlisha ikamwambia ukweli. Akatupa karafuu. Akasema neno moja tu njia nzima: "Wewe ulikuwepo, shemeji. Utamweleza."

Dada alikuwa mlangoni, anafuta mikono kwa kanga, anatabasamu. "Nipumulie."

Pua alinitazama. Kisha akainama, akapumua.

Dada alifumba macho. Mkono wake ukaenda nyuma ya sikio, kwenye kovu. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. Alirudi nyuma hatua moja, akauliza, "Miaka yote hii?"

"Leo tu, mama watoto. Nimelazimishwa. Mwulize ndugu yako."

Dada akanigeukia. Funguo nilikuwa nimezishika mfukoni zisilie, pamoja na ile karatasi. Kueleza la glasi kungenibidi nieleze la karatasi. Na pale ndipo nilipofanya lile ambalo hata mimi nikilikumbuka mate yananikauka.

"Nilimkataza, dada," nikasema. "Hakunisikia."

 Pua alivua saa aliyopewa na dada siku ya harusi, akaiweka juu ya kizingiti, akageuka. Mlango ukafungwa, huku watoto wanaita baba kutoka ndani.

Sasa anapanga chumba upande wa pili wa mji, anauza mkaa. Wanasema hanywi. Dukani mimi ndiye ninayeinua chupa mbele ya balbu, na wageni hawaniulizi lolote. Wanachukua wanachotaka na kwenda zao. Jioni nakwenda kula kwa dada. Siku hizi ananisubiri mimi mlangoni.

"Nipumulie," ananiambia.

Nainama, napumua.

"Afadhali wewe," anasema dada, ananipisha niingie.