Ubeti wa Mwisho wa Kondoo Aliyevaa Shali

"Hata uninyime chakula, huo ubeti sikupi," alisema Bibi Seonag, akizidi kukanda unga wa skonzi kana kwamba unga ndio uliomkosea.

"Nani kakunyima chakula, Mama? Nimekuomba mistari minne tu."

"Leo mistari. Kesho utataka na meno yangu."

Ealasaid alisimama, akaenda dirishani, akarudi, akakaa, akasimama tena. Alikuwa mkwe wa Seonag, mke wa mwanawe, na mpishi wa shule pale kisiwani Uist Kusini, Uskoti. Tangu mwaka jana alikuwa akisomea shahada ya uzamili ya fasihi ya Kigaeli, lugha ya kwao, kwa mtandao, kompyuta ikiwa juu ya meza hiyohiyo ya kukandia unga. Saa kumi alasiri darasa lingefunguka, na zamu ya kuwasilisha ilikuwa yake. Siku nzima hakuwa ametulia. Alishafua mataulo yaliyokuwa safi. Alishamwogesha mbwa, na mbwa akaingia chini ya kochi hataki kuonana na mtu. Nje upepo ulikuwa wa kawaida wa Machi: kuku wa jirani alikuwa amepita dirishani muda si mrefu, juu kidogo ya uzio, akielekea kisiwa cha Barra, na hakuonekana kuijutia safari.

"Mwalimu anajua wimbo umekatika mwishoni," Ealasaid alisema. "Nikamwambia mwisho wake uko kwetu nyumbani. Nilijigamba, Mama. Nikitokea mikono mitupu, yule Mkanada wa darasani atanicheka mpaka kioo kipasuke."

"Mwambie mwisho umeliwa na kondoo."

Wimbo wenyewe kila mtu kijijini aliujua, ila haukuimbwa mzee Ruairidh akiwa karibu, maana ulimdhihaki baba yake. Zamani kijiji kilikuwa na mshairi wake, na ukiteleza Jumatatu, Jumamosi unaimbwa. Baba yake Ruairidh aliiba kondoo dume, akamvika shali ya mkewe, akamkalisha mbele kwenye gari la farasi na kumpitisha mchana kweupe mbele ya polisi. Polisi akavua kofia. "Habari za asubuhi, bibie." Kondoo akainamisha kichwa kwa adabu. Wapo wanaoapa kwamba alifika hadi kwenye misa, akakaa upande wa wanawake, na akaimba vizuri kuliko wengi wao.

"Beti nyingine zote mnaziimba kila harusi, Ruairidh akitoka kukojoa," Ealasaid alisema. "Huu wa mwisho unamtukana nani?"

"Haumtukani mtu."

"Basi wewe unamwonea haya Ruairidh."

"Ruairidh gani?"

"Yuko mwingine? Huyu anayekuja kila jioni kunywa chai kwa kikombe chenye ufa, kikombe ambacho mimi nikikigusa tu naitwa mwizi."

Bibi Seonag akaacha kukanda. Ealasaid naye akaacha kutembea, mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Huo hakuutunga mshairi," bibi alisema. "Niliutunga mimi. Nilikuwa msichana, na Ruairidh alikuwa akinisindikiza kutoka kila dansi, njia nzima akizungumzia viazi."

"Viazi?"

"Viazi. Msimu mzima. Kisha akaja baba wa mumeo, akasema lake kwa maneno machache, nikaolewa. Mtu mwema, Mungu amrehemu, sina la kumlaumu."

Halafu akausema ubeti, bila kuuimba, macho yake kwenye unga:

"Kondoo kavikwa shali, polisi anatazama,
mwana kanisindikiza, na baridi inauma,
ana mikono miwili, mizima, haijakwama,
bega langu halijui, lake viazi kulima."

Ealasaid alitaka kucheka, kicheko kikakataa kutoka.

"Mama, huu ndio wimbo. Beti nyingine zote ni za kuupisha huu."

"Ukiusoma humo kwenye kompyuta utafika Kanada, na utarudi hapa kabla chai haijapoa."

"Darasani tuko wachache. Hakuna anayemjua Ruairidh."

"Kila mtu anamjua mtu."

Kisiwani hapo ukipiga chafya kusini, kaskazini wanakutakia afya. Ealasaid akaanza tena kutembea, dirishani na kurudi.

"Basi sitausoma. Nitasema ulipotea na waliokufa."

"Waliokufa akina nani?" bibi aliuliza. "Si mimi hapa nakanda unga?"

Kompyuta ikalia. Nyuso zikajitokeza moja moja, Mkanada akitafuna kitu, mwalimu akirekebisha miwani. "Ealasaid, za huko? Tunausubiri ule mwisho wako."

Ealasaid akakaa kitini, akafungua kinywa, akakifunga. Mguu wake chini ya meza ukawa unapiga sakafu wenyewe.

Bibi Seonag akajifuta mikono kwenye aproni, akamsukuma kwa nyonga na kukalia kiti.

"Sogea, mwanangu. Huo ni wangu."

Akaimba. Sauti ilianza kwa kukwaruza, kama mlango wa banda usiofunguliwa miaka mingi, kisha ikapata njia yake. Mstari wa kwanza. Wa pili. Mkanada akaacha kutafuna. Mwalimu akaegemea mbele mpaka paji lake likajaza kioo.

"Ana mikono miwili..."

Mlango ukasukumwa bila hodi, kama unavyosukumwa kila jioni, ila leo mapema. Ruairidh akaingia na upepo wake, nywele zimesimama, kuku mzima chini ya kwapa.

"Nusura afike Barra huyu," alisema.

Akamtazama Ealasaid, akazitazama zile nyuso za kwenye kompyuta, kisha akamtazama Seonag.

"Nimekusikia tangu getini," alisema. "Wimbo wa baba naujua. Ubeti huo ndio siujui."

Bibi Seonag alikuwa anaitazama mikono ya Ruairidh, yote miwili, ilivyomshika yule kuku.