Kipimo cha Kiganjani na Simu ya Mzee

Jumanne nilikwenda kusafishwa kidonda cha mguu katika zahanati moja huku Itetemia. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja, mkulima wa tumbaku, amemleta mkewe. Mama huyo alikuwa amekonda, midomo imemkauka, na kila baada ya muda mfupi aliomba maji.

Muuguzi alimchoma kidoleni, akagusisha tone la damu kwenye kipimo kidogo kinachoenea kiganjani. Kabla sijamaliza kukunja suruali yangu, jibu lilikuwa limetoka.

"Sukari imepanda sana, baba. Inabidi apelekwe hospitali ya Kitete sasa hivi."

Mzee hakuinuka. "Kwa hiyo hakuna mtu aliyemfanyia hivi?"

"Hakuna, baba. Ni kisukari."

"Basi nimemfukuza dada yangu bure," alisema, akitazama viganja vyake. "Nilimwita mchawi mbele ya watu."

"Nilikukataza," mkewe alisema kwa sauti ndogo.

Watu huvisifu vipimo hivi kwa kuwa ni vyepesi kubeba. Mimi siku hiyo nilikiona kimoja kikimtwisha mzee mzigo mzito, naye hakuukwepa. Wakati gari likisubiriwa, alitoa simu yake, akabonyeza spika.

"Shikamoo, dada. Nimekukosea. Mke wangu ana kisukari. Wewe hukumfanya kitu."

Muuguzi akaacha kuandika.

"Marahaba," dada mtu akajibu hatimaye. "Wifi yangu amekula?"