Kila Punje na Kazi Yake

Ilianza Jumatatu, saa nne asubuhi, kengele ya mapumziko ikilia. Nyie mliomaliza darasa la saba pamoja nami mtakumbuka: kaptula za kaki zenye viraka, uji wa mahindi ya njano, na moshi wa karakana za mtaa wa Gerezani ukitua juu ya bustani yetu ya mchicha. Kila kundi na tuta lake. Wadogo zetu wa siku hizi wana mpira wa kumwagilia, na bado wanalia mikono inauma! Sisi bomba la shule lilikuwa likikauka, tunafuata maji mtaani, debe kichwani.

Kundi letu tulikuwa wanne. Saidi alijenga uzio wa kuzuia mbuzi. Zuhura, rafiki yangu, alipalilia. Aloyce alikuwa na mdomo. Wageni wakija, yeye ndiye anaeleza tuta. Mimi waliniita Kimya. Nilimwagilia alfajiri, kabla shule haijaamka, kwa sababu niliona haya kupita na debe mbele za watu. Mama aliniambia, “Kazi isiyo na mdomo huliwa na wenye midomo.” Sikumwelewa.

Jumatatu hiyo Mwalimu Mwajuma alitangaza kwamba tutapimana wenyewe. Kila mtu atapewa punje za mahindi azitie kwenye makopo ya wenzake, na kila punje aitajie kazi. Maksi hizo zingeingia kwenye rekodi ya maendeleo yetu ya kwenda sekondari.

Aloyce akatuvuta pembeni. “Jamani, tugawane sawasawa, yaishe. Ujamaa si ndio huo?”

Wote wakaitikia. Hata mimi nilitikisa kichwa.

Tuliporudi darasani alianza yeye. Saidi, uzio. Zuhura, palizi. Akafika kwenye kopo langu, akasita. “Huyu... huyu ni mpole, Mwalimu.”

Darasa likaangua kicheko.

“Upole haumwagilii mchicha,” Mwalimu akasema. “Lete hapa punje hiyo.”

“Lakini Mwalimu, ujamaa...”

“Ujamaa ni kazi, baba. Anayekula jasho la mwenzake tunamwitaje?”

“Kupeee!” darasa zima.

Zuhura naye alinitajia siku moja tu niliyomsaidia palizi. Nikaiona sekondari inaondoka. Zamu yangu ilipofika nilisimama. Uzio, nikasema. Palizi. Na Aloyce? Ningeweza kumwacha mtupu, na roho ilitaka. Lakini kweli ni kweli. “Aloyce anaongea, Mwalimu. Siku ya wageni, bila yeye tungebaki tunatazamana.” Nikamtilia.

“Na maji?” Mwalimu akauliza. “Mbona hayatajwi? Nani alimwagilia?”

Basi nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua: “Mimi. Kila alfajiri.”

Saidi akaruka kitini. “Kumbe! Nilikuwa nakuta udongo umelowa, nikadhani umande!”

“Umande wa Gerezani!” mtu akapiga kelele nyuma, wakacheka mpaka madirisha yakatikisika. Saidi akaja akanitilia punje zake. Kisha Aloyce akasimama, kichwa chini. “Mwalimu, naomba ile punje yangu. Sasa nina cha kusema.”

Ndiyo maana leo niko kidato cha tatu, naandika haya. Huku sekondari kazi za kundi zinapewa maksi moja, wote sawa. Aliyelala na aliyekesha wanapongezwa pamoja. Hakuna anayekuuliza ulifanya nini. Nazikumbuka zile punje zikigonga kopo. Mchicha ule nao sijaonja tena mwingine wa namna ile.

Kesho yake ya Jumatatu ile, jogoo wa kwanza, nilipita nyumbani kwao Aloyce, nikagonga dirisha kwa ukingo wa debe.

“Nani?”

“Kimya,” nikamjibu, kwa sauti ya kuamsha mtaa. “Amka, leo maji zamu yako.”