Kona Zangu Akapewa Mganga

Mwaka 1994, nikiwa na miaka arobaini, timu ya mtaa wetu Chuno ilinifukuza. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kazi yangu niliijua: kuwafundisha wachezaji kona na frikiki, basi. Viongozi walikuwa wamesema tukipata bao la kona kwenye mechi inayofuata, nabaki.

Wachezaji wanne walijipanga mstari mmoja kwenye boksi, kama nilivyowafundisha, wakatawanyika mpira ulipopigwa. Tulifunga mawili. Kipa wao alitoka golini akilalamika, "Hawa wamekuja na mtu wao." Nikacheka, maana alimaanisha mganga.

Kwenye kikao mwenyekiti akasimama, akamshukuru mganga mmoja wa mtaa wa Likombe kwa mabao yale. Nilidhani anatania.

"Kaka, tangu lini watu wakafunga kwa kupanga mstari?" akaniambia. "Wewe pumzika."

Wachezaji wangu mwenyewe, niliowafundisha wiki sita, wakapiga makofi. Nilitazama sura moja moja, hakuna aliyeinua macho.

Nikahamia timu ya Naliendele, na huko sikuruhusu mganga asogee uwanjani.

Leo nina nyumba ya bati, mikorosho sitini, pikipiki moja, na kazi yangu ileile ya kona.