Bi Mwanakhamis na Waazimaji Wenye Pembe

Kwa miaka ishirini na minne Bi Mwanakhamis wa mtaa wa Kuze hakupoteza kitabu hata kimoja. Wengine hujivunia watoto, wengine mapishi; yeye alijivunia hilo, na hakuona haya kulitaja hata harusini kwa watu. Kazi yake ilikuwa kuketi kwenye meza ya kuazimia katika maktaba ya umma kisiwani Mombasa. Aliyechelewesha kitabu alifuatwa kwao. Siku moja alikwenda Makadara kwa miguu, mvua yanyesha, kudai kitabu cha ufugaji wa kuku. Akamkuta mwenyewe anakula. Akangoja amalize, maana adabu ni adabu, kisha akarudi na kitabu chake kikinuka mchuzi wa pweza.

Siri yake haikuwa kubwa. Hakumpa mtu kitabu bila kumuuliza ni mwana wa nani na atoka mtaa gani. Ukishajua hayo, mtu atakimbilia wapi?

Basi akaja mkuu mpya, Bi Rosebella, mwanamke wa bara, mwepesi wa kucheka, umri wa binti yake. Aliona vijana wamekihama chumba chao pale maktabani, akasema kama hawaji tutawafuata. Katika ukumbi wa Tononoka kulikuwa na tamasha la mashabiki wa katuni na michezo ya kompyuta, nao wangepeleka meza ya vitabu huko na kuviazimisha papo hapo. Wakubwa wa makao makuu walikubali kwa shingo upande. Walitaka mtu mmoja aweke sahihi ya dhamana, na kitabu kimoja kikipotea, basi vitabu visitoke nje tena na chumba cha vijana kifanywe stoo. Bi Mwanakhamis alichukua kalamu kabla hajaombwa.

"Ila nakuomba kitu, Bi Mwanakhamis," Bi Rosebella alimwambia. "Usiwahoji. Kijana akihojiwa hukimbia. Akikutajia jina, andika, mpe kitabu."

Hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, lakini alitii.

Huko ukumbini aliyaona ya kuona. Wasichana wenye nywele za buluu, wavulana wenye mapanga ya maboksi, na mmoja mrefu mwenye pembe mbili za sponji la godoro, uso mzima kaupaka majivu. Wote walimwamkia shikamoo, jambo lililomtuliza kidogo. Huyu wa pembe akachagua kitabu cha mapango ya chini ya bahari.

"Jina lako, mwanangu?"

"Mfalme wa Moshi."

Bi Mwanakhamis akaandika Mfalme wa Moshi. Usimcheke. Mombasa ni mji wa majina ya utani, hata tangazo la maziko lisipotaja la utani watu hawajui nani amefariki. Yeye aliamini jina la utani ni bora kuliko la kitambulisho, kwa kuwa ukilitaja barazani mara moja utaonyeshwa nyumba. Akamwandika na Binti Radi, na Nahodha wa Mifupa, na Jini la Barafu, mpaka vitabu vyote thelathini na kimoja vikaisha mezani. Alirudi nyumbani amefurahi.

Jumatatu, katika mazungumzo tu, alimuuliza mpwa wake Ubaid kama amjua kijana aitwaye Mfalme wa Moshi. Ubaid alicheka mpaka akashika ukuta.

"Shangazi, huyo si mtu! Huyo yumo kwenye katuni. Siku ile kila mmoja hujiita kwa jina la nguo alizovaa."

Vitabu thelathini na kimoja, na mwenyewe hata mmoja hayupo duniani! Sura hakuziona kwa rangi, mama zao hakuwauliza, mitaa hakuijua. Wiki mbili za kuazima zikawa ndefu kuliko Ramadhani ya jua kali. Siku ya kumi na tatu alishindwa kuvumilia, akaenda kwa Bi Rosebella akasema yote.

Bi Rosebella aliweka kalamu chini. "Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyekukataza kuuliza."

"Sahihi ni yangu," alijibu Bi Mwanakhamis, akatoka.

Jumamosi ya kurudisha ikafika. Saa tatu, hakuna mtu. Saa nne, hakuna mtu. Ilipokaribia saa tano Masha, bawabu, akaingia mbio.

"Bi Mwanakhamis! Kuna viumbe langoni!"

Akainuka. Mbele alikuwa yule wa pembe, jasho limechora mifereji kwenye majivu, na nyuma yake msururu wa mapanga, mabawa na nywele za buluu. Walikuwa wamekatiza Makadara mchana kweupe, wauza mitumba wakiwapigia vigelegele. Kila mmoja na kitabu chake kwapani.

"Mbona mmekuja hivi?" aliuliza.

"Mama, daftarini tumeandikwa hivi," alisema wa pembe, ambaye kwao anaitwa Kioko. "Tukaona tukija na nguo za nyumbani hutatujua, nawe ndiye uliyetuamini. Tukaambizana tuje vilevile."

Bi Mwanakhamis akafungua daftari. Akafuta majina moja moja, na kila alilolifuta liliondoka na jiwe kifuani. Kufikia adhuhuri yalikuwa thelathini. Likabaki moja: Jini la Barafu.

Maktaba hufungwa saa nane. Bi Rosebella akavuta kiti, akaketi naye. Masha alikuwa ameshashika funguo alipoingia msichana wa buibui, mnyonge, mikono nyuma.

"Shikamoo, mama. Naitwa Shifa. Mimi ndiye Jini la Barafu." Machozi yalikuwa karibu. "Mamangu ameitia ile nguo kwenye beseni, rangi yote imetoka. N'lingoja ikauke, haikukauka. Najua huwezi kunitambua, lakini wallahi ndimi."

Akatoa mikono mbele. Kitabu kilikuwa kimefungwa vizuri kwa gazeti.

Bi Mwanakhamis alianza kucheka, miwani ikamwanguka, na kicheko kikageuka kilio mbele ya mkuu wake na bawabu, asijali.

"Nimekukasirisha, mama?" Shifa aliuliza kwa hofu.

"La, mwanangu. Napumua. Wiki mbili sijapumua."