Kazi ya Bi Daktari Sahanini Kwangu

Siku ya kwanza kazini, Bi Daktari alinipa chupa nioshe, kisha akazinusa moja moja. "Bi Rukia, sabuni ikibaki humu, kazi yangu imekufa." Nilidhani ana wazimu. Mimi darasa la tatu sikulimaliza, lakini miaka ya tisini maabara ile ya Shimanzi ilinifanya nitembee mtaani kwetu Kibokoni shingo juu.

Alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza chumba cha utafiti pale. Alikitafuta kimeng'enya cha papai, yaani ile nguvu iliyo ndani ya utomvu inayovunja nyama bila kisu. Papai bichi huchanjwa asubuhi, utomvu hukingwa, huchujwa na kuchujwa tena, mpaka hubaki maji kidogo chupani. Joto likiyapata, yameharibika. Msimamizi wa maabara nzima akamwambia mbele yangu, "Mwezi huu nisipoona kitu, chumba hiki nakifunga."

Alipokipata, umeme ukakatika Shimanzi, na Tononoka alikokaa pia. Kwetu Mji wa Kale taa zilikuwa zikiwaka. Akanikabidhi chupa ndani ya barafu, niiweke kwenye friji yangu mpaka aje.

Wifi yangu Mwanaisha akauliza ni nini. Nikajigamba, "Papai la Daktari. Hakuna lilainishalo nyama kama hilo." Nikaenda kuoga.

Jioni ile wakwe walikuwa wanakuja kumposa binti yangu, na nyama ya mishkaki ilikuwa ngumu kama kiatu. Mwanaisha akaimiminia chupa yote. Nyama haikushika vijitini; ikatubidi tuipakue kwa upawa.

"Wallahi, hapa hata kibogoyo atashiba," mkwe akasema, na sebule nzima ikacheka.

Mara hodi. Bi Daktari, na barafu mkononi. Akaiona chupa tupu kando ya ndimu.

"Mlitia nyama kiasi gani?" akamuuliza Mwanaisha.

"Ratili tatu, mwanangu. Tangu alasiri."

"Basi kimeng'enya kilikuwa kizima."

Mwanaisha, asiyejua kitu, akamkaribisha. Bi Daktari akaketi, akapewa kijiko, akala.

Mwezi ulipoisha chumba kikafungwa, naye akarudi kwao bara. Mimi nikapelekwa kufagia ofisi ya Msimamizi hadi nikastaafu. Arusini wajukuu zangu huniomba nisimulie mishkaki ya uji, nami husimulia, wakavunjika mbavu. Nisilowaambia ni kwamba aliimaliza sahani yote, akanishika mkono mlangoni akaniambia, "Ahsante, Bi Rukia. Chakula kizuri."