Dada Yangu Kambini kwa Fundi

Dada yangu aliondoka Visiga Jumatano moja asubuhi, amebeba mkeka na sufuria ndogo ya kupikia uji. Alimuaga mumewe kwamba anakwenda Kisarawe kuombewa kikohozi, na kwamba Ijumaa atakuwa amerudi. Ijumaa ilifika, ikapita, na nyingine nyingi zikapita. Alipokuja kurudi zilikuwa zimenyesha vuli mbili, na hakurudi kwa miguu yake.

Siku hizo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na jioni nikifundisha watu wazima kusoma. Tulikuwa tumehamia kijijini si muda mrefu, katika nyumba zilizopangwa mstari kama madawati. Mama yangu alikuwa ameacha mikorosho yake huko nyuma, na kila msimu ulipofika alikaa kimya siku mbili tatu bila kutuambia sababu. Dada alikuwa amenizidi miaka minane. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mama akiwa shamba, yeye ndiye aliyenifundisha kusuka ukili, na nilipofaulu kwenda chuo cha ualimu aliuza kitenge chake kipya asiniambie. Alikuwa ameolewa na mkulima mmoja wa upande wa Mlandizi, mtu mpole, mgumu wa maneno. Walijaliwa watoto wawili na wote wawili walikufa wachanga. Baada ya hapo hakushika mimba tena.

Kikohozi kilimwanza wakati wa kuhama. Tulidhani ni vumbi. Alipoanza kukonda nilimpeleka mwenyewe zahanati, akapimwa makohozi, tukaambiwa ni kifua kikuu na kwamba kinapona, ila dawa zisikatishwe. Ilikuwa sindano kila siku, na baada ya hapo vidonge kwa muda mrefu. Alikwenda kila asubuhi wiki tano mfululizo, akaanza kula, homa za jioni zikapungua. Ndipo jirani mmoja, mwanamke aliyekuwa akienda na kurudi Kisarawe kuuza vyungu, alipomweleza habari za Fundi.

Fundi alikuwa mshona nguo. Kwa miaka mingi alikuwa na cherehani yake barazani pale Kisarawe, akishona kaptula za wanafunzi na kutia viraka. Siku moja, walisema, alifunga cherehani, akawaambia wateja waje kuchukua vitambaa vyao, kwani ameoteshwa kwamba sasa atashona roho zilizochanika. Alipanda kilima kimoja nje ya mji, akajenga kibanda. Watu wakamfuata. Wakajiita Watulivu. Walijipaka kwenye paji la uso ule udongo mweupe unaochimbwa Pugu, hawakula chumvi, hawakupaza sauti. Na aliyetaka kuingia kambini ilimpasa kuacha nje vitu vitatu: dawa, hirizi, na ndugu wenye shaka.

Nilipoyasikia hayo nilicheka. Napakumbuka mahali nilipocheka, mbele ya dada, tukichambua mchicha. Aliendelea kuchambua. Baada ya siku nne akaondoka.

Mara ya kwanza nilimfuata pamoja na shemeji. Tulipanda basi hadi mjini, tukabadilisha basi la Kisarawe, kisha tukatembea kama saa nzima kati ya mihogo na minazi. Nilikuwa nimejiandaa kukuta watu waliorukwa na akili. Nilichokuta ni uwanja uliofagiliwa vizuri kuliko uwanja wa shule yangu, vibanda kama ishirini, na watu wanaotembea taratibu kama wenye mgonjwa ndani. Walitupokea kwa heshima, wakatupa maji ya kunawa na mihogo ya kuchemsha isiyo na chumvi. Fundi mwenyewe alikuwa mtu mfupi, makamo, vidole vimejaa alama za sindano. Nilimwamkia, akaitikia. Nikamwambia tumemfuata ndugu yetu, yuko katikati ya matibabu.

“Hapa hakuna komeo,” akasema. “Muulizeni mwenyewe.”

Dada alikuja, uso mweupe wa udongo, akakaa mkekani mbele yetu. Nilimpa shikamoo, akaitikia kwa sauti ndogo. Nikaanza kumfundisha. Sina neno lingine, ndivyo nilivyofanya. Nilichukua kijiti nikachora mapafu mchangani, nikaeleza vijidudu na kwa nini sindano haziachwi njiani. Watu walisogea wakasikiliza. Hakuna aliyenibishia. Walinitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mwenye maradhi. Fundi naye akaeleza, bila haraka, kwamba kikohozi ni vumbi la duniani linalomtoka mtu, na likiisha kutoka lote mtu hupumzika. Sindano hulizuia likabaki ndani. Uvumilivu ukaniishia.

“Dada, huyu ni mshona kaptula,” nikasema. “Mapafu kayajulia wapi?”

Dada aliinua macho. “Umepaza sauti, mdogo wangu. Hapa hatupazi.”

Ilikuwa ndiyo kauli yake ya mwisho siku hiyo. Tulirudi, tukashuka Visiga. Hapo shemeji akaniambia kwamba tangu amuoe hakuwahi kumwona mkewe ametulia namna ile, na kwamba haoni ni kwa maneno gani atamwita arudi nyumbani.

Nilikwenda tena baada ya miezi mitatu, peke yangu, na vidonge nilivyomwomba mganga wa zahanati, nimevifunga kwenye pindo la khanga. Nilimpa dada tukiwa nyuma ya vibanda. Alivipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akaenda moja kwa moja akavikabidhi kwa Fundi mbele ya watu wote. Fundi hakunifukuza. Aliwaambia wenzake kwa upole kwamba ndugu ni wazito kuwaacha, kwamba wanakuja na mapenzi mkononi na shaka kwenye pindo. Wakatikisa vichwa. Dada akawekwa kwenye adhabu ya kimya cha miezi kadhaa, asiseme na mtu yeyote wa nje. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba safari zangu zilikuwa zikimsaidia Fundi. Alikuwa amewatabiria kwamba ndugu watakuja na ghadhabu na hila, nami nikaja na ghadhabu, kisha nikaja na hila.

Siku hiyo basi liliniacha, nikalala kwa mtu wa ukoo wetu pale Kisarawe mjini. Asubuhi, kabla ya kuondoka, nilipanda tena kilimani, sijui kwa nia gani. Ukungu ulikuwa haujatoka. Niliwakuta wamekaa duara uwanjani, nikasimama nyuma ya migomba. Mmoja mmoja walikuwa wakitaja majina ya wafu wao, na kila jina likitajwa wote waliitikia, “Yupo.” Mzee mmoja alitaja mke. Mwanamke alitaja mama na kaka. Zamu ya dada ilipofika, alitaja majina mawili.

La kwanza nililijua. Mtoto yule aliishi miezi mitano, nilimbeba mwenyewe. La pili sikuwahi kulisikia maishani mwangu. Mtoto wa pili alikufa siku ya nne, kabla ya siku ya saba ya kupewa jina, na sisi tukamzika bila jina. Wanawake wakubwa walimkataza dada kulia, wakasema kumlilia mchanga ni kumzibia njia anayekuja nyuma yake. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyemletea maji ya kunawa uso, nikamwambia ajikaze. Tangu siku ile hakuna mtu nyumbani kwetu aliyemtaja mtoto yule, na tulidhani tunamfanyia dada wema. Kumbe alikuwa amempa jina, akalibeba peke yake miaka sita, mpaka alipopata watu hamsini wa kumwitikia.

Nilirudi Visiga na hayo. Yangetosha kunibadilisha, lakini nilikuwa na hasira na nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hivyo viwili huchagua lililo karibu. Nikaandika barua kwa wakubwa wa wilaya. Nilieleza kwamba kuna watu kilimani wasiokuwa katika orodha ya kijiji chochote, wasiolima shamba la pamoja, na wanaowazuia wagonjwa dawa. Sikumwonyesha mama ile barua, wala shemeji.

Ilipita zaidi ya miezi minane. Kama walikuja kwa barua yangu au kwa sababu zao, sikupata kujua. Walikuja na malori mawili, wakawaagiza watu kila mmoja arudi kijijini kwake, vibanda vikachomwa. Nilisimuliwa kwamba hakuna aliyepiga kelele, na kwamba Fundi alisimama kando akitazama moto, mikono nyuma. Dada aliteremshwa barabarani Visiga saa nane mchana. Shemeji alimbeba mpaka nyumbani, naye alikuwa mwepesi kama tita la kuni kavu. Mama alipomwona aliingia ndani, akatandika kitanda, akatoka, akaingia tena akakitandika upya.

Tulimpeleka hospitali. Daktari aliniita kando, akaniuliza tulikuwa wapi muda wote huo. Dawa zilianzwa upya. Safari hii dada alizimeza bila ubishi, namna mtu mzima anavyokubali kuonja chakula cha mchezo alichopikiwa na mtoto. Udongo alikuwa ameunawa. Chumvi alikula. Nilitegemea atamlaani Fundi, nikawa nampa nafasi ya kufanya hivyo, nikimsogezea maneno. Hakuyachukua.

Alasiri moja, nikimpaka mafuta miguuni, nilimuuliza kama kweli alimwamini yule mtu.

Alitafuta pumzi. “Usidhani sikuwa na shaka,” akasema. “Kikohozi kilikuwa changu, nilikijua kinazidi. Lakini nikitoka pale, nani angewataja wanangu?”

“Ungeniambia mimi, dada.”

“Ulikuja mara mbili. Mara zote mbili uliniuliza habari za sindano.”

Hakusema kwa ukali. Aligeukia ukutani akalala, nami nikaendelea kuipaka ile miguu ingawa ilikuwa imekwisha kupata mafuta.

Alikufa masika yalipoanza. Msibani walikuja Watulivu saba, nyuso zimeoshwa, wamevaa kama watu wengine, lakini tuliwatambua kwa kutembea kwao. Mama aliwakataza wasiingie uani. Wakakaa ng’ambo ya barabara kwenye nyasi, siku tatu, mvua ikiwanyeshea, bila kuomba hata maji. Shemeji aliwapelekea chakula siku ya pili, na mama akamwacha. Mimi sikuvuka barabara. Hadi leo sijui kama nilikuwa nawakasirikia au nilikuwa nawaonea haya, maana wao walijua juu ya dada yangu jambo ambalo sisi hatukulijua.

Fundi mwenyewe hakuja. Nilimwona baada ya miaka, wakati wa shida ya bidhaa, nilipokuwa nimehamishiwa shule ya Mkuza. Ilisemekana sukari imefika dukani, nikatoka na kikapu, nikapanga foleni. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa mzee mfupi mwenye koti kuukuu, akikohoa kwenye kitambaa. Alipogeuka niliviona vile vidole. Mfukoni mwa koti kilichungulia cheti cha kliniki ya kifua kikuu, cha rangi ileile ya kile alichokuwa nacho dada.

Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia mtu huyu kwa miaka, usiku na mchana. Badala yake nilimwamkia, akaitikia, nikajitambulisha kwamba ni mdogo wa nani. Akanikumbuka mara moja. Akasema, “Mwalimu. Ulichora mapafu mchangani.”

Nikamuuliza kama anakwenda kuchomwa sindano. Akasema ndiyo, mwezi wa pili sasa, na kwamba amepata nafuu. Alisema hivyo bila kuona haya, na foleni ikasogea hatua moja, nasi tukasogea nayo. Nikamuuliza lile moja nililokuwa nalihitaji: siku zile, alipowaambia watu kwamba dawa inazuia vumbi kutoka, alikuwa analiamini mwenyewe?

Alikikunja kitambaa chake. Nilidhani atanidanganya, na naamini hakunidanganya.

“Mwanzoni nilisema tu, ili nao wapate la kushika,” akasema. “Halafu wakanitazama. Watu hamsini wakikutazama vile kila asubuhi, mwalimu, unaamini.”

Kwa miaka yote nilikuwa nimemtafutia hila, nikitaka awe tapeli, kwa sababu tapeli ningemweka mahali pake nikamwacha huko. Huyu mbele yangu alikuwa mshonaji mzee aliyesema jambo bila kulijua, likashikwa na watu wengi, likamrudia likiwa kubwa kuliko yeye. Dada yangu alikufa kwa jambo hilo. Kumjua zaidi yule mtu hakukulipunguza hilo hata chembe.

Akaniuliza tulimzika wapi. Alisema angependa kwenda kumwombea.

Sikumwambia. Nilichukua kikapu changu, nikatoka mahali pangu, nikarudi kupanga upya mwisho wa foleni.